Miti Iliyochaguliwa

Mume wa mdogo wake alikuwa na tabia ya kuiweka droni juu ya meza ya mikutano, katikati kabisa, pale ambapo watu wengine huweka maua, na jambo hilo peke yake lilitosha kumharibia Mama Nyuki siku nzima. Chombo cha kazi kile. Tumboni kina leza inayopenya kwenye matundu ya majani ikasoma mpaka ardhi iliyo chini yake, na huyu bwana anakipangusa kwa leso, anakielekeza pua dirishani ili mwanga ukipige vizuri, kisha anarudi nyuma na kukitazama. Hajawahi kukirusha. Hajui hata betri zake zinachajiwa chumba gani. Lakini ukifungua kalenda ya kampuni, mwezi wa kwanza, utamkuta yeye amekikumbatia na meno yote nje.

Jina la Mama Nyuki alipewa na wakata miti, kwa sababu ya mlio wa droni ikipita juu ya vichwa vyao. Kwa cheo alikuwa Mpima wa kampuni ya misitu. Shemeji yake naye alikuwa Meneja wa Ubunifu, cheo ambacho hakuna aliyewahi kukieleza kikaeleweka. Kabla ya hapo alikuwa akiuza viwanja visivyo na maji kwa watu wasio na haraka. Mkurugenzi alimpenda siku ya kwanza tu, maana kijana alikuwa na suti na alikuwa na sauti, na Mkurugenzi ni mtu ambaye vitu hivyo viwili vikija pamoja hana la kusema tena. Wakata miti walimwita Bwana Slaidi. Mwenyewe alilisikia hilo jina na akadhani ni sifa.

Watu wa ofisini walinong'ona kwamba Mama Nyuki ana wivu. Hakuwa na wivu. Alimdharau, na dharau yake ilikuwa imekomaa, ya miaka, ya mtu aliyeona jasho lake likitoka kwenye kinywa cha mwingine huku limepakwa manukato. Kila alichokipima, shemeji alikisimulia. Kila ramani aliyoichora, shemeji aliisimamia mbele ya watu na kijiti mkononi, akisema "tumeona," "tumegundua," "tumebaini." Mbele ya wakubwa Mama Nyuki hakuwa shemeji wala dada. Alikuwa "mtaalamu wetu," kama vile mtu anavyosema kiti chetu.

Sasa, kampuni ile ilikuwa na mteremko mmoja unaoitwa Kipara, na jina halikuja bure. Mkurugenzi aliamuru ukatwe wote, ukapandwa miche kwa mistari iliyonyooka, wageni wakaja, wakapiga picha, wakaondoka. Kiangazi cha kwanza kiliikausha miche yote. Tangu hapo ni nyasi na mawe, na mvua ikinyesha ni tope mpaka barabarani. Ng'ambo ya Kipara kulikuwa na Mteremko wa Juu, na huo ndio uliomnyima Mama Nyuki usingizi. Kule bado ilikuwepo mierezi mikubwa ya zamani, ile inayoitwa miti mama, ambayo kila mwaka humwaga mbegu. Mbegu ziliota, naam, lakini zilikufa zingali nyuzi, kwa sababu kati ya miti mama palijazana vijiti virefu vyembamba, vimebanana, vimeziba mwanga wote.

Dawa yake aliijua na aliisema hadi midomo ikamkauka: punguzeni vile vyembamba, iacheni miti mama, mwanga ushuke, msitu utajizalia wenyewe. Hauhitaji kitalu, hauhitaji mistari. Mkurugenzi alimsikiliza kwa namna ya mtu anayesubiri simu yake iite. Mwisho alikubali dawa hiyo ijaribiwe, kwa sababu wafadhili walikuwa wanakuja na walikuwa wamesikia habari za leza wakataka kuiona. Lakini akaweka sharti. Miche ikitokea yenyewe Mteremko wa Juu, msitu mzima utapunguzwa kwa njia hiyo. Isipotokea, unakatwa wote na kupandwa mistari, "tuache ushairi," akasema. Alikuwa bado hajajifunza chochote kutoka Kipara, na Kipara kilionekana kutoka dirishani kwake.

Basi Mama Nyuki alifanya kazi. Alirusha droni asubuhi kabla ya upepo kuamka, mstari kwa mstari, huku na huku. Leza ilipiga mamilioni ya vipigo, kingine kikagonga jani, kingine tawi, kingine kikapenya hadi chini, na kompyuta ikavigeuza vyote kuwa nukta. Nukta hizo zikikaa pamoja unaona msitu mzima umesimama kwenye kioo: urefu wa kila mti, upana wa kichwa chake, na giza lililo chini yake. Kisha alichukua futi ya kamba akapanda mwenyewe kuhakiki, kwa sababu leza haijui mti uliooza moyo. Alirudi na miiba kwenye soksi na furaha ambayo hakumwonyesha mtu.

Ramani aliyoitoa ilikuwa safi. Mti mama, kitone cha buluu. Kijiti cha kuondolewa, kitone cha manjano. Pembeni, kwenye ufunguo wa ramani, aliandika: *Buluu: usiguse. Manjano: kata.* Mtoto wa chekechea angeielewa, na ndivyo alivyosema alipoikabidhi Idara ya Ubunifu, kwa kuwa kila kinachoelekea kwa wageni sharti kipitie huko kikapambwe.

Kikapambwa kweli. Siku ya mazoezi, katika chumba cha mikutano chenye zulia, shemeji aliwasha projekta, akainua kijiti chake, na ramani ikatokea ukutani. Vitone vya manjano havikuwepo.

"Vya manjano vimekwenda wapi?" akauliza Mama Nyuki.

"Nimevitoa," akasema Meneja, kwa raha ya mtu aliyeulizwa alichotaka kuulizwa. "Vilikuwa vingi mno. Ramani ilionekana ina tetekuwanga. Wageni wanataka kitu kimoja, kinachoingia machoni mara moja."

Vya buluu vilikuwa vimebaki, vimenenepeshwa, vinang'aa. Na kwenye ufunguo, mahali palipoandikwa *usiguse*, sasa palikuwa na maneno mapya kwa herufi kubwa: MITI ILIYOCHAGULIWA.

"Iliyochaguliwa!" Mkurugenzi akalirudia neno, akaliweka mdomoni kama peremende. "Hilo lina uzito. Hilo liingie hata kwenye bango."

Hapa inabidi lieleweke jambo moja, nalo hakuna aliyekaa juu ya zulia lile aliyelijua isipokuwa Mama Nyuki. Huko msituni neno kuchagua lina maana moja tu. Nyapara anapita na kopo la rangi, anautazama mti, akiona umenona kwa mbao anauchapa mstari kifuani, na anasema umechaguliwa. Nyuma yake unakuja msumeno. Miaka nenda miaka rudi kiwanda cha mbao kimekuwa kikidai minono, na nyapara amekuwa akichagua minono. Neno limezoeleka hata nje ya miti. Mfanyakazi akiitwa ofisi ya utumishi akarudi na bahasha na uso umemshuka, wenzake kwenye kantini hawasemi amefukuzwa. Wanasema, "Kachaguliwa."

Kwa hiyo bwana mkubwa wa slaidi alikuwa amechukua kila mti mama wa Mteremko wa Juu na kuuandikia hukumu ya msumeno, kwa lugha ya wale watakaoushika msumeno wenyewe, tena kwa herufi kubwa. Mama Nyuki aliliona hilo papo hapo. Alifungua mdomo aseme.

"Mtaalamu wetu atabonyeza kompyuta," Meneja akawahi, bila hata kumgeukia. "Kuongea nitaongea mimi."

Akaufunga.

Akaketi, akaitazama ratiba iliyogawiwa mezani. Siku ya wageni, baada ya hotuba, Meneja atasimama penye mti wa kwanza na kutoa ishara, na Nyapara atawasha msumeno mbele ya hadhara. Mti wa kwanza! Ulikuwa mwerezi mama mkubwa karibu na barabara, aliujua kwa gome lake. Picha ikamjia yote kwa mara moja, tamu mno. Msumeno unanguruma. Meneja ameinua mkono. Na yeye, mtaalamu wetu, anatoka nyuma ya watu, anasema kwa sauti ya kawaida tu: "Simamisheni. Huo ni mti wa kubaki." Wageni wanageuka. Mkurugenzi anageuka. Na shemeji, na suti yake na sauti yake, anaulizwa ni nani aliyeandika neno lile. Wacha ajipalie makaa, akasema moyoni. Mti hautadhurika, nitakuwepo.

Jioni ile alijaribu sentensi yake mbele ya kioo. Aliipunguza maneno mpaka ikakaa vizuri.

Siku ya mapumziko walikutana nyumbani kwa mama yao, kama kawaida. Shemeji alikaa kiti cha karibu na feni akaeleza habari za leza kwa watu waliokuwa wakila. Alisema leza inahesabu majani. Haihesabu majani. Alisema inaweza kujua umri wa mti. Haiwezi. Mama Nyuki alitafuna polepole, akimwangalia, na akajikuta anatabasamu, jambo ambalo halikuwa limetokea kwenye meza ile tangu harusi. Mdogo wake alifurahi, akadhani ugomvi umeisha. Mama yao hakudhani hivyo. Mama Nyuki alipopeleka vyombo jikoni, mama alimfuata.

"Unacheka nini?"

"Sicheki, Mama."

"We mtoto, nimekuzaa mimi. Ulikuwa unacheka hivyo hivyo ulipomfungia mwenzio kwenye stoo ya mkaa."

Akamweleza. Alimweleza kwa raha, huku anasuuza sahani, neno kwa neno, mpaka kwenye sentensi ya kioo. Alitarajia mama acheke. Mama alichukua kitambaa akaanza kukausha vikombe.

"Na miti?"

"Miti haitaguswa. Nitakuwa pale pale."

"Si yuko hapo sebuleni? Nenda kamwambie. Mle matunda, yaishe."

"Nimwambie!" Sahani ikagonga sinki. "Nikimwambia atarekebisha, halafu kesho atasimama aseme alikuwa ameshaliona. Ndiyo maisha yangu hayo, Mama. Mimi naona, yeye anasema. Safari hii aseme alichokiona yeye."

"Kwa hiyo unataka msitu upone, au unataka mume wa mdogo wako aumbuke?"

"Vyote viwili."

"Mshika mbili moja humponyoka," mama akasema, akatundika kitambaa, akarudi sebuleni kumwongezea mkwe wake chai.

Alikasirika, kwa sababu mama alikuwa na methali kwa kila jambo na alizitoa bila kuombwa. Tena alikuwa mpole mno kwa yule mtu. Wote walikuwa wapole kwake. Angeweza kuuza paa la nyumba ile na bado wangemuuliza kama sukari imetosha.

Siku mbili kabla ya wageni, Mama Nyuki alikuwa karakana, amepakata droni, anabadilisha pangaboi moja lililopata ufa. Nyapara akaingia. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye unga wa mbao kwenye nyusi muda wote, na mkononi alishika simu ya kazi ambayo ofisi ilikuwa imewapa vikosi vyote ili wafuate ramani.

"Habari za kazi, Mama Nyuki."

"Nzuri. Umeletewa ramani?"

"Imeingia leo." Akamgeuzia kioo. "Ni vya buluu tu. Imeandikwa miti iliyochaguliwa. Ndiyo hiyo tunayoingia nayo?"

Ilikuwa imekuja yenyewe, nafasi ya kulimaliza. Hapana ilitosha. Neno moja, silabi tatu, na Nyapara angekwenda zake. Lakini Nyapara angekwenda kwa Meneja, Meneja angebadilisha, na siku ya wageni ingepita laini, na yeye angebonyeza kompyuta. Aliiona sentensi yake ikifia mdomoni.

"Muulize mwenye maneno," akasema, akarudisha macho kwenye skrubu. "Mimi ni mpima tu."

"Nimekuuliza wewe kwa kuwa wewe ndiye uliyeipima."

"Nimesema muulize Meneja."

"Haya," akasema Nyapara. Akatoka, na buti zake zikasikika kwenye changarawe hadi kwenye ngazi za ofisi. Mama Nyuki aliinama tena kwenye pangaboi. Alikaza skrubu, akajiambia kwamba ratiba ni ratiba, mti wa kwanza ni siku ya wageni, na kabla ya hapo hakuna msumeno utakaowashwa. Alisahau kwamba ratiba ile nayo iliandikwa na Bwana Slaidi.

Siku ilipofika, magari yalipanda mlima yamefuatana, yameoshwa. Yeye alikaa siti ya nyuma ya gari la mwisho, droni mapajani, sentensi yake tayari. Alikuwa amevaa viatu vizuri, jambo la kijinga kwa msituni, lakini alitaka kuonekana. Dereva alifungua dirisha, na kwenye kona ya chini harufu ikaingia. Harufu ya mwerezi uliopasuliwa ni nzuri sana, watu hutengeneza makabati ya mwerezi kwa ajili yake. Ilikuwa nyingi mno.

Kwenye kona ya juu, pale ambapo siku zote vichwa vya miti mama hujitokeza juu ya mingine, aliona anga.

Alishuka kabla gari halijasimama sawasawa. Mwerezi wa karibu na barabara ulikuwa umelala, na kisiki chake kilikuwa chekundu, kibichi, kinatoa maji. Nyuma yake kingine. Nyuma yake kingine. Vile vijiti vyembamba vilikuwa vimesimama vyote, salama kabisa, vimebanana makundi makundi, na kati ya kundi na kundi mashimo ya mwanga. Aliokota tawi. Vitunda vyake vilikuwa bado vya kijani, vigumu, mbegu hazijakomaa. Mwaka huu hapatadondoka kitu. Mwaka ujao hapatakuwa na cha kudondosha.

Nyapara alimjia, kofia ngumu mkononi. "Tulimaliza jana jioni, Mama. Meneja alisema wageni wasikute msitu haujaguswa, wakute kazi inaonekana. Tuanze mapema, huu wa kwanza tu ndio tuwaachie wao. Nao wa mwisho tulioukata jana upepo ukautupa juu yake, ikabidi tuutoe."

"Ulimuuliza?" Sauti ilimtoka imekauka.

"Nilimuuliza kama ulivyosema. Akaniambia fuata ramani." Akautazama mteremko. "Nilishangaa kwamba wewe ungechagua minono yote. Ila nikasema, mna hesabu zenu."

Hakuwa na ubaya wowote usoni. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Wageni nao walifurahi! Walikuwa watu wa mijini, wenye buti mpya, na walichokiona ni mwanga. "Tazama ulivyofunguka," wakaambiana. Mmoja alisimama juu ya kisiki apate picha. Mwingine, mama mmoja mwenye miwani mikubwa, akauliza kama ni kweli leza ndiyo iliyoamua yote haya, na Meneja akavuta pumzi ya hotuba. Kisha akamwona Mama Nyuki, amesimama na tawi mkononi, uso umempauka. Akasita. Usiku uliopita mke wake alikuwa amemsema vibaya, akamuuliza ni kwa nini kila siku dada hatajwi, na yeye, ambaye kwa hakika hakuwa mtu mbaya, alikuwa amelala nalo.

"Njoo hapa, shemeji," akaita.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo mbele ya watu. Akamfuata mwenyewe, akamshika mkono, akamleta mbele.

"Siku zote nasema tumefanya, tumefanya," akawaambia wageni. "Leo niseme ukweli. Miti hii ilichaguliwa na huyu, mmoja mmoja, kwa miguu yake. Huyu ni shemeji yangu. Mimi nilichoweka hapa ni neno tu."

Wakapiga makofi. Walipiga makofi ya dhati, na wakata miti waliokuwa nyuma wakapiga nao kwa heshima. Miaka yote alikuwa akiyangoja makofi yale. Mkurugenzi akainua mkono, akatangaza kwamba ameridhika, hata miche haina haja ya kusubiriwa, mtindo huu utafuatwa msitu mzima kuanzia wiki ijayo, leza ichague, misumeno ifuate. Makofi yakaongezeka. Nyapara, mtu wa kazi, akatoa simu yake, akamsogelea Mama Nyuki na kumuuliza chini kwa chini: "Basi na huko kwingine ni hivi hivi, Mama? Iliyochaguliwa?"

Aliitazama simu. Msitu mzima ulikuwa umekaa hapo, unangoja jibu.

"Hapana," akasema.

"Nini?" akauliza Mkurugenzi.

"Hapana. Hii ilikuwa ya kubaki." Sentensi ile ya kioo haikutoka jinsi alivyoipanga. Ilitoka imevunjika. "Buluu ilikuwa ya kubaki. Mmekata mama. Mmeacha vijiti. Hapa hapataota kitu. Msiende kwingine na neno hili, tafadhali."

Makofi yakafa mkono mmoja mmoja. Mama wa miwani akashusha miwani. Mkurugenzi akamtazama Meneja, kisha Mama Nyuki, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake yote akauliza swali la maana: "Umelijua hilo lini?"

Angeweza kusema leo. Hakuna ambaye angemkatalia.

"Siku ya mazoezi. Neno lilipotokea ukutani."

Mkurugenzi akasema aje ofisini kwake kesho asubuhi, akageuka, akawaongoza wageni kwenye magari akiwaonyesha mandhari. Nyuma, kati ya wakata miti, mmoja akasema polepole kile kinachosemwa kila siku kantini, "Kachaguliwa," na hakuna aliyecheka.

Meneja alibaki. Alikuwa hajui mikono aiweke wapi. Mama Nyuki alimtazama usoni kutafuta ule ujinga uliolisha dharau yake miaka yote, apate walau cha kushikilia. Akakuta mtu aliyeshangaa tu.

"Si ungeniambia, shemeji," akasema. "Ningelibadilisha."

Mama Nyuki akainama kuichukua droni aliyoiacha kwenye majani karibu na kisiki, na shemeji akawahi kumsaidia. Akaishika vibaya, kwa juu, jinsi anavyoishika siku zote.

"Shika kwa chini," akamwambia. "Hapo ni pangaboi, utalivunja."

Akageuza mkono papo hapo, akaishika kwa chini, sawasawa kama alivyoambiwa.